Mustang yenye kutu aliyoililia Steve McQueen: ikarabatiwe, ichinjwe spea, au iachwe?

Mwaka 1980, huko Marekani, klachi ya gari moja la kijani iligoma. Hakukuwa na ajali, hakukuwa na drama yoyote. Mama mwenye nyumba alikuwa analitumia kwenda shule kufundisha darasa la tatu, na lilipogoma likaingizwa gereji lisubiri matengenezo. Likasubiri. Mwaka ukapita, kumi ikapita, ishirini ikapita. Rangi ikafifia na kutu ikaanza kula taratibu, kama kutu inavyojua.

Mwaka 2020 gari hilohilo liliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.74. Na sio kwamba lilipigwa rangi mpya likang'aa kama sahani. Liliuzwa na kutu yake, mikwaruzo yake na siti zake zilizochoka.

Hapo katikati kuna miaka 40, familia moja ya kawaida, staa mkubwa wa Hollywood aliyenyimwa kitu alichokitaka, na swali ambalo kila mwenye mkweche ulio juu ya mawe analijua vizuri: unalitengeneza, au unalichinja uuze spea upate chochote?

Magari ya misuli yalianzaje

Wamarekani wanayaita magari ya misuli, na fomula yake ilikuwa nyepesi tu. Chukua gari la kawaida la saizi ya kati, tupa ndani injini kubwa ya V8 iliyotengenezwa kwa ajili ya gari kubwa zaidi, halafu liuze kwa bei ambayo kijana mwenye kazi anaweza kuimudu. Wengi wanaanza kuhesabu kutoka Pontiac GTO ya mwaka 1964, ambayo ilikuwa gari la kawaida la Tempest lililotiwa injini ya karibu lita 6.4.

Mwaka huohuo, tarehe 17 Aprili, Ford wakatoa Mustang. Hiyo ilikuwa balaa. Ndani ya miezi 12 ziliuzwa zaidi ya 400,000. Wanaojua magari watakwambia Mustang ni "farasi mdogo", sio gari la misuli kamili, kwa sababu bodi yake ni ndogo. Lakini ukishaweka ile injini ya inchi 390 yenye nguvu za farasi 325, ubishi unaisha wenyewe.

Ndipo mwaka 1968 ikaja sinema inayoitwa Bullitt. Steve McQueen anaigiza polisi wa San Francisco, na katikati ya sinema kuna kufukuzana kwa magari kwa karibu dakika 11. Mustang ya kijani kibichi, Dodge Charger nyeusi, milima ya San Francisco, magari yanaruka hewani na kutua kwa kishindo. Kuna sehemu walipita kilomita 170 kwa saa, na zile zilikuwa barabara za kweli za mji. Sinema hiyo ilichukua Oscar ya uhariri, na mpaka leo ukiuliza watu wa sinema kuhusu kufukuzana kwa magari, wengi wanaanzia hapo.

Kwa kazi hiyo zilichukuliwa Mustang mbili zinazofanana. Moja ilikuwa ya staa, ile inayoonekana karibu na usukani. Nyingine ilikuwa ya kazi chafu, kuruka na kugonga. Zote ziling'olewa nembo ili zionekane za kihuni kidogo, na zote zilikazwa shokapu na spring zisije zikavunjika mlimani. Sinema ilipoisha zikatawanyika. Hakuna aliyezifungia makumbusho. Zilikuwa magari yaliyotumika tu.

Kwa nini wenzake wengi walichinjwa

Hapa ndipo historia inapokuwa chungu kidogo. Magari haya hayakufa kwa uzee, yalikufa kwa hesabu.

Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi, na viwanda vikaanza kupunguza makali ya injini. Bima nazo zikapanda, kwa sababu makampuni yalishagundua kwamba kijana wa miaka 20 na injini ya lita 6.4 hawakai pamoja bila mtu kuumia. Halafu Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikafunga mafuta. Ghafla foleni kwenye vituo vya mafuta zikawa ndefu, bei ikapaa, na gari linalokunywa mafuta kama ng'ombe anavyokunywa maji likawa mzigo. Ford wenyewe walishasoma mchezo. Mustang ya mwaka 1974 ilitoka ndogo, na kwa mwaka huo wa kwanza huko Marekani haikuwa na injini ya V8 kabisa.

Sasa fikiria una gari la misuli la mwaka 1968 katikati ya miaka ya 70. Mafuta ghali, bima ghali. Kama unaishi majimbo ya kaskazini, kila msimu wa baridi barabarani wanamwaga chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inapanda chini ya gari na kula chuma. Baada ya miaka sita au saba sakafu imetoboka. Unalipeleka kwa fundi, anakutajia bei ya kuchomelea ambayo inazidi bei ya gari lenyewe.

Wengi walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Injini ikatolewa ikawekwa kwenye gari lingine. Gia boksi ikapata mteja. Milango, vioo, dashibodi, ekseli ya nyuma, kila kitu kikaenda kwake. Kilichobaki kikaenda kwenye chuma chakavu. Hakuna aliyelia. Ilikuwa mikweche.

Na ndio maana yale machache yaliyobaki leo yana bei ya ajabu. Yamekuwa adimu kwa sababu mengine yote yalionekana takataka.

Dola elfu sita

Ile Mustang ya staa ilipita mikono miwili baada ya sinema. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya sinema, wa pili polisi mpelelezi wa jimbo la New Jersey. Mwaka 1974 huyo polisi akaweka tangazo kwenye jarida la magari. Jamaa mmoja wa New Jersey akaliona, akatoa dola 6,000.

Hela hiyo haikuwa ndogo. Kwa dola 6,000 mwaka ule ungeingia dukani, ukatoka na Mustang mpya na chenji ikabaki. Jamaa alinunua gari la miaka sita, linalokunywa mafuta, wakati wenzake wanayakimbia. Watu wake wa karibu sijui walimwonaje, lakini hesabu ya mtaani ingemwita mjinga.

Cha kushangaza, hakuliweka kabatini. Lilikuwa gari la familia. Mke alilitumia kwenda kazini. Fikiria, gari lililoruka milima ya San Francisco mbele ya kamera linaegeshwa nje ya shule, na watoto wa darasa la tatu hawana habari.

Barua ya mwaka 1977

Kumbe kuna mtu alikuwa analitafuta. Desemba 1977 ilifika barua kutoka kwa Steve McQueen mwenyewe. Na haikuwa mara ya kwanza kuomba. Kwa wakati ule alikuwa mmoja wa waigizaji wakubwa duniani, mtu ambaye hakuzoea kuambiwa hapana.

Barua ilikuwa fupi. Aliomba auziwe gari lake. Alisema yuko tayari kumtafutia jamaa Mustang nyingine inayofanana na ile, ilimradi isiwe hela nyingi sana. Kama haiwezekani, basi wasahau.

Lakini kuna kitu kimoja ndani ya barua ile ambacho watu wengi wanakipita haraka. McQueen alisema anataka kulibakisha gari katika hali ileile ya kwenye sinema, bila kulikarabati. Yaani mwaka 1977, wakati magari haya yanachinjwa kila kona, na wachache wenye hela wanayapiga rangi yang'ae, huyu mtu tayari alikuwa na jibu la tatu.

Jamaa wa New Jersey hakuuza. Alikuwa analipenda gari lake, basi. Barua akaitunza.

Miaka mitatu baadaye klachi ikafa. Gari lilikuwa limetembea maili 65,000, yaani zaidi kidogo ya kilomita 104,000. Novemba mwaka huohuo wa 1980, Steve McQueen akafariki akiwa na miaka 50. Gari likalala na mwenye hamu nalo akalala, mwaka mmoja.

Baba na mwana

Familia ikahama, gari likahamishwa nayo, na mwisho wa safari likawa Tennessee. Mtoto wa kiume akakua akijua kwamba ile kitu iliyofunikwa ni gari gani, na akijua pia kwamba nje halitajwi. Watu wa magari walikuwa wanaitafuta Mustang ya Bullitt kwa miaka. Wengine waliamini ilishakuwa chuma chakavu. Familia ikakaa kimya.

Mwaka 2001 Ford wakatoa Mustang mpya ya toleo maalumu la kuikumbuka sinema ile. Baba na mwana wakapata moto. Wakasema sasa tulifufue. Wakaanza kulifungua.

Kama umewahi kuona gari likifunguliwa gereji ya nyumbani, unajua hatari iliyopo hapo. Kufungua ni siku mbili, kufunga ni miaka. Gari likishakuwa vipande, hapo ndipo linapokuwa karibu zaidi na kuchinjwa kuliko wakati wowote. Boksi moja linapotea, nati hazijulikani za wapi, hela inaishia kwenye ada na chakula, na siku moja mtu anapita anasema, "Mzee, hiyo injini unauza?"

Na kweli yakatokea ya kutokea. Baba akagundulika ana Parkinson, ugonjwa unaokula seli za fahamu kwenye ubongo na kuitetemesha mikono. Mikono ambayo ndiyo ilikuwa ikamate spana. Kazi ikasimama. Mwana naye alikuwa anaanza maisha yake, na maisha hayasubiri gari.

Hapo ndipo wengi wangeuza. Tena sio kwa ubaya. Mgonjwa ndani ya nyumba, mali iko gereji, na kila mtu duniani mwenye hela angelinunua bila kuuliza mara mbili. Hawakuuza. Baba alifariki mwaka 2014, na gari lilikuwa bado lipo kwenye familia yake.

Pacha aliyeokotwa Mexico

Wakati huo yule pacha, gari la kuruka na kugonga, wote walishamzika. Ilijulikana kwamba aliharibika sana kwenye sinema, na ikaaminika kwamba aliishia kwenye chuma chakavu.

Mwaka 2017 ikaja habari kutoka Baja California, Mexico. Mtu mmoja alikuwa amenunua bodi ya Mustang ya mwaka 1968. Ilikuwa na kutu, imepakwa rangi nyeupe, injini hakuna, gia boksi hakuna. Mpango wake ulikuwa wa kibiashara kabisa: kuikatakata na kuijenga upya iwe nakala ya Eleanor, ile Mustang ya kijivu ya Nicolas Cage kwenye sinema ya mwaka 2000, Gone in 60 Seconds. Nakala hizo zina soko. Kwa bodi iliyooza, lilikuwa wazo zuri tu.

Kilichoiokoa ni namba. Namba ya bodi ya Mustang ya miaka ile inasomeka kama sentensi. Inaanza na 8, maana yake mwaka 1968. Inafuata R, kiwanda cha San Jose, California. Halafu 02, bodi ya mgongo mteremko. Halafu S, ile injini ya 390. Mwisho ni namba ya mfululizo, na ya gari hili ilikuwa 125558. Ile ya gari la staa lililolala Tennessee ni 125559. Zilifuatana.

Mtaalamu wa kumbukumbu za uzalishaji wa Ford akaitwa, akalikagua, akathibitisha. Msumeno ukawekwa chini. Wiki chache zaidi na lile gari lingekuwa limeshavishwa sura ya gari lingine, na historia yake ingebaki kwenye vipande vya bati sakafuni.

Sasa hesabu ya fundi

Tuwe wakweli hapa, kwa sababu hadithi hizi mbili zinaweza kumdanganya mtu. Sio kila mkweche ni Bullitt. Mengi ni mikweche tu.

Mustang ya miaka ya 60 haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Kwa hiyo kutu ya mlangoni au kwenye bampa ni kelele tu, lakini kutu ya sakafu, ya kingo za chini ya milango, na ya zile reli za mbele zinazobeba injini, hiyo ni kansa. Kuna sehemu moja mbaya zaidi, pale chini ya kioo cha mbele inapopita hewa ya kuingia ndani. Maji na majani yanaingia na hayatoki, chuma kinaoza kimyakimya, na dereva anashtuka siku mvua inamdondokea miguuni. Kurekebisha hapo lazima ung'oe nusu ya mbele.

Ukilipeleka gari kama hilo kwa fundi wa bodi mwaminifu, atakwambia bei ambayo huwezi kuirudisha ukiuza. Fundi asiye mwaminifu atajaza puti, atapiga rangi, utapendeza miezi sita.

Na upande wa pili, gari moja lililochinjwa vizuri linaweza kuyaokoa mengine matatu. Huyu anakosa mlango wa kushoto, yule anakosa gia boksi, mwingine anatafuta saa za dashibodi. Kuchinja sio dhambi siku zote. Magari mengi ya misuli yanayotembea leo yana viungo vya marehemu ndani yake.

Kilichobadilika siku hizi ni kwamba kuna kampuni zinazotengeneza bodi nzima mpya ya Mustang ya miaka ya 60, chuma kipya kabisa bila chembe ya kutu. Unaweza kujenga "Mustang ya 1968" ambayo hakuna hata bati moja lililokuwepo mwaka 1968. Ndio maana kinachouzwa ghali sasa sio chuma. Ni namba, karatasi, na ushahidi kwamba gari hili ndilo lenyewe. Ukichinja gari, spea unaweza kuzipata tena. Ushahidi ukishautupa hauupati tena.

Kwa hiyo kabla hujashika spana wala simu ya dalali, soma namba kwanza. Yule wa Mexico aliponea hapo.

Jibu la mwana

Baada ya baba kuondoka, mwana akarudi gereji. Angeweza kulikarabati likawa jipya, rangi ya kijani inayong'aa, siti mpya, kila kitu kama siku ya kwanza. Hakufanya hivyo. Alilifunga, akalifanya liwake na litembee, na kutu akaiacha. Zile alama za vifungo vya kamera chini ya gari zikabaki. Rangi iliyofifia ikabaki.

Januari 2018 likaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari Detroit, na dunia ya magari ikasimama. Mwaka huohuo likaingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya magari ya kihistoria, na likawekwa ndani ya sanduku la vioo mjini Washington watu walipite na kulitazama. Halafu tarehe 10 Januari 2020, Florida, likaingia mnadani. Dola milioni 3.74 ukijumlisha na ada, bei ambayo hakuna Mustang iliyokuwa imewahi kuifikia mnadani kabla ya hapo. Jina la mnunuzi halikutangazwa.

Wako waliosema mwana alikosea kuuza alichokataa kuuza baba. Wako waliosema baba alimwachia gari ili limsaidie, na limemsaidia. Wote wana hoja. Lakini ukirudi kwenye ile barua ya mwaka 1977, Steve McQueen aliomba mambo mawili: gari libaki mikononi mwa familia yake, na lisikarabatiwe. La kwanza alinyimwa. La pili alilipata, kutoka kwa watu waliomkatalia la kwanza.

Sasa zamu yako. Nyumbani kuna gari la babu au la mzee liko juu ya mawe, nyasi zimeota mpaka dirishani. Dalali anataka injini, mjomba anataka nafasi ya kujenga fremu ya duka, na wewe unataka kulisikia likiunguruma hata mara moja. Unatengeneza, unachinja, au unaliacha? Shuka kwenye maoni hapo chini, na kama unalijua gari lenyewe, taja na mwaka wake.